Maji ya Shingo ya Rozalia

Saa tatu kasoro robo asubuhi, siku ya Jumatatu, Rozalia alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha kliniki ya tiba ya Kichina, mtaa wa Rusimbi, Kigoma, uso wake umeingia katika lile tundu la kitandani, akitazama kandambili za daktari. Zilikuwa za buluu, moja imeshonwa kwa uzi wa nailoni. Alikuja kwa ajili ya shingo. Mwaka mzima ilikuwa imekataa kugeuka kushoto, na kila ikifika saa tisa alasiri kichwa kilianza kumgonga kutoka kisogoni hadi juu ya macho. Rozalia alikuwa anauza dagaa na mawese sokoni, na wajanja wa soko walishajua habari zake. Wateja wenye nia njema walisimama kulia. Wengine walisimama kushoto, na mwishowe akaacha kabisa kupanga dagaa upande huo.

Kliniki ilikuwa ya Hamdani, mzaliwa wa Ujiji, aliyesomea tiba hiyo China kwa miaka sita akarudi na sindano, mitungi ya mizizi mikavu na tabia ya kunywa maji ya moto bila majani ya chai. Alimwambia Rozalia atoe ulimi, akautazama kama mtu anayesoma tangazo. Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, wa kushoto kisha wa kulia.

"Unabeba nini, mama?"

"Maji."

"Tangu lini?"

"Tangu niweze kusimama vizuri."

Hamdani akaguna. Akachoma sindano ya kwanza chini kidogo ya kisogo, akaizungusha taratibu upande wa kulia, na maji yakaanza kutoka. Yalianza kwa matone, yakawa uzi mwembamba, kisha yakaja kama bomba lililofunguliwa nusu. Hamdani alisogeza ndoo kwa mguu.

"Una maji," alisema, kwa sauti ileile ambayo kwayo watu huambiwa wana malaria.

Alimweleza jinsi ilivyo. Maji yote aliyowahi kubeba kichwani yalikuwa yameacha kitu shingoni, na sasa yangetoka kinyumenyume, ya jana kwanza, ya utotoni mwisho. Yakiisha, atapona. Huko China aliwahi kumwona mbeba matofali aliyetokwa na vumbi jekundu kwa wiki tatu, na profesa hakusema neno ila aliagiza ufagio.

"Yataisha lini?" Rozalia aliuliza kupitia tundu.

"Umebeba ndoo ngapi?"

Rozalia akacheka mpaka sindano ikatikisika na maji yakamwagika sakafuni.

Mtaa wake unaitwa Bombani, kwa sababu ya bomba lililosimikwa pale kwenye kona. Siku ya uzinduzi lilitoa maji kwa dakika kumi na moja, wageni wakapiga picha, wakala wali, na tangu hapo linafungiwa mbuzi. Kutoka kila mlango wa Bombani unaliona Ziwa Tanganyika lote, mpaka milima ya Kongo. Wanawake wanashuka kuyachota maji yake na kupanda nayo kichwani. Wanaume wanaliangalia jioni, na wote wanakubaliana kwamba ni ziwa zuri.

Adhuhuri ile Hamdani alichomoa sindano, na Rozalia akainuka. Shingo iligeuka kushoto kiasi cha kuona dirisha. Alifurahi kweli, machozi yakamlengalenga. Kisha akaziona ndoo sita zimejaa pembeni mwa kitanda, maji safi kabisa, yamekaa tu. Akakunja kanga, akaiweka kichwani, akabeba ya kwanza. Alikwenda na kurudi mara sita.

Alhamisi alirudi kliniki shingo imekaza kama mwanzo. Hamdani alichoma, akazungusha, maji yakaja. Akainama, akanusa.

"Mama Rozalia, haya tuliyatoa Jumatatu. Yananuka dawa yangu ya kuchua."

Kandambili za buluu zikasogea chini ya tundu.

"Uliyabeba kichwani?"

"Sasa ningeyaacha, daktari? Maji?"

Hamdani alikuwa na cheti chenye mihuri mitatu ukutani, lakini pia alikuwa na mama, na mama yake alilea watoto saba Ujiji kwa maji ya ndoo. Alitoa sharti tu: mpaka maji yaishe, Rozalia asiweke kitu chochote kichwani, hata kanga iliyokunjwa. Akiweka, wanaanza upya.

Jioni Rozalia alimweleza mume wake, Gervasi, aliyekuwa karani wa parokia na mpenda tai hata siku za mvua. Gervasi alisikiliza sharti lile kama mtu anayesikiliza habari za mkoa mwingine.

"Pole sana, mke wangu. Sasa maji yataletwa na nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Mimi?" Gervasi akashika tai yake. "Shingo yangu ni ya kazi ya ofisini."

Tusimwonee. Gervasi si mtu mbaya. Alijitolea hapohapo kumfungulia mlango wa uani mbeba maji, yeyote yule atakayekuwa.

Mbeba maji akawa jirani yao Marcelina, mwanamke wa maneno mengi na mgongo imara. Alipiga hesabu kwamba kutoka Bombani hadi kliniki ni mwendo wa dakika sita, na hadi ziwani ni arobaini, tena kurudi ni kupanda. Jumatatu iliyofuata alifika na ndoo mbili na wanawake kumi na wanne. Walipanga foleni kuanzia kitandani, kupita chumba cha mitungi, mpaka barabarani penye bodaboda. Makubaliano yalikuwa rahisi. Kila siku ya tiba, ndoo mbili za kwanza zilipelekwa nyumbani kwa Rozalia, nyingine zote ni za mtaa. Gervasi alifungua mlango bila kukosa hata siku moja.

"Mwakeye, Rozalia!" Marcelina alisalimia akiinama kumtazama kwenye tundu kutoka chini. "Leo tuko mwaka gani?"

"Nadhani ule wa masika makubwa."

"Yewe! Hayo yana tope. Daktari, zungusha kidogo tufike kiangazi."

Hamdani alizungusha. Alishazoea. Wanawake nao walishajua kuchagua: maji ya mwaka Rozalia alipojifungua yalikuwa ya uvuguvugu na mazuri kwa kuogeshea watoto, na ya mwaka alipogombana na mama mkwe hayakutoa povu hata uweke sabuni mche mzima. Siku moja yalitoka maji yenye magamba ya rangi ya kijani iliyobanduka kwenye ndoo, na Marcelina akaitambua ndoo yake iliyopotea siku ya ubatizo wa mwanawe. Walibishana nusu saa, Rozalia akijitetea kifudifudi, mpaka Hamdani akaomba waheshimu mgonjwa.

Na mgonjwa alikuwa anapona. Mwezi wa pili wa tiba kichwa cha saa tisa kilihamia saa kumi na moja, kisha kikaacha kuja. Mwezi wa tatu alipanga dagaa upande wa kushoto na kumdaka mtu mzima, mwenye ndevu, mkono ukiwa ndani ya fungu.

Habari za foleni zilifika kwenye ofisi moja inayoshughulika na mambo ya maji, na ofisi ikamtuma mhandisi. Aliitwa Fabian, amehamishiwa Kigoma kutoka Njombe, na bado alikuwa anavaa sweta. Alivua viatu mlangoni, akawasalimia kinamama, akachuchumaa karibu na shingo ya Rozalia. Alipima kasi ya maji kwa chupa na saa ya simu. Akaonja.

"Msukumo mzuri," alisema. "Huduma ni siku zipi?"

"Jumatatu na Alhamisi," alijibu Hamdani.

"Jumapili?"

"Naenda kanisani," alisema Rozalia.

Fabian akaandika: Jumapili hakuna huduma. Aliendelea kuandika kwa muda, na Marcelina, ambaye hana aibu, akasoma juu ya bega lake. Fomu ilisema kwamba mtaa wa Bombani umepata chanzo chake cha maji, na kwa hiyo unaondolewa kwenye orodha ya mitaa ya kutengenezewa mabomba.

"Kaka, hiki si chanzo," Marcelina alisema. "Huyu ni Rozalia."

"Sehemu ya jina nimejaza, mama. Nimeandika Rozalia."

"Lakini mimi nitaisha!" Rozalia alipaza sauti kutoka chini. "Daktari mwenyewe kasema. Yakifika ya utotoni, basi."

Fabian alimwonea huruma ya kweli, ilionekana usoni. "Kila chanzo huisha, mama. Kikiisha mnaandika barua, kuna fomu nyingine." Akavaa viatu vyake, akashukuru kwa ushirikiano, akapanda bajaji.

Maji yalipungua mwezi wa tano wa tiba. Ndoo zikawa ndogo kwa sababu Rozalia mwenyewe alikuwa mdogo: kwanza ndoo za lita kumi, kisha vidumu, kisha makopo. Foleni nayo ilipungua. Wanawake walianza kurudi ziwani mmoja mmoja bila kununa, Marcelina mwisho wao, na barua iliandikwa, ikapelekwa, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Mbuzi aliyekuwa amefungwa kwenye bomba la kona alizaa.

Alhamisi ya mwisho hapakuwa na mtu kliniki isipokuwa mgonjwa na daktari. Hamdani alizungusha sindano, na yakatoka maji meupe, baridi, yenye harufu ya mchanga, kiasi cha kujaza kopo moja la mafuta ya kupikia.

"Hayo ya kijijini, Kagunga," Rozalia alisema papo hapo. "Nilimpelekea bibi. Nilimwaga nusu njiani nikaambiwa nimejitahidi."

Maji yakakoma. Hamdani alichomoa sindano, akaifuta shingo kwa pamba, akamwambia kwaheri kama mtu anayemuaga abiria wa meli. Rozalia aliketi. Aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akatazama dari, akatazama vidole vya miguu. Hakuna kilichouma mahali popote. Alihisi wepesi hata akashika kingo za kitanda, na aliimba ubeti mzima wa wimbo wa Pasaka ingawa ilikuwa Agosti.

Alikuwa bado anaimba binti yake alipoingia. Anaitwa Agnesi, ana miaka saba, na alikuwa na sare ya shule na vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, daktari. Mama, baba anauliza maji ya chai. Leo Mama Marcelina hajaleta."

"Mwambie baba yako nakuja."

"Amesema ameshafungua mlango."

Agnesi aliangalia chumbani, akaona kopo. Lilimfaa kabisa. Alikunja sweta yake ya shule ikawa duara, akaiweka kichwani, akaweka kopo juu yake bila kushikilia, akatoka ameinyoosha shingo kama mtu mzima. Hakumwaga hata tone. Rozalia alimsindikiza kwa macho dirishani, akipanda kilima, mpaka alipokata kona.

Hamdani alikuwa anakausha sindano.

"Daktari," Rozalia alisema. "Mwandikishe na huyu."

Hamdani alichukua kadi mpya. Hakushangaa, wala hakumwambia kwamba ni mapema. Aliandika jina, umri na mtaa. Penye ugonjwa akaandika: shingo. Penye tarehe ya kuanza kuugua aliuliza leo ni tarehe ngapi, Rozalia akamtajia, akaijaza.