Kinyozi Aliyedhani Anaigizwa

Kinyozi alikuwa hodari wa kutuliza watoto wa watu. Wa kwake ndiye aliyemshinda. Binti huyo wa miaka minne, waliyemwita Kipepeo kwa jinsi alivyopunga viganja akifurahi, akisikia tu mashine ya kunyolea huziba masikio na kujibanza chini ya benchi.

Hilo angelivumilia. Kilichomkata maini ni majibu yake.

"Unataka maji?"

"Unataka maji," mtoto hurudisha, macho kwenye feni.

"Mimi ndiye ninayekuuliza!"

"Ninayekuuliza."

Shangazi wa mtoto alizidi kumpalia makaa mama yake. "Wifi kamdekeza. Nipeni mimi wiki moja tu, atanyooka."

Kinyozi alimuunga mkono dada yake, tena mbele ya mkewe. Asubuhi mke alimvika mtoto viatu, akasema, "Nampeleka kliniki. Ukitaka, twende."

Akaenda, shingo upande.

Masikio yalipimwa, yakakutwa mazima. Wakapelekwa kwa daktari wa watoto, mama mmoja wa makamo asiyejua haraka. Kwa siku tatu tofauti aliketi sakafuni na Kipepeo wakipanga vizibo vya chupa kwa rangi, huku akiwauliza wazazi: alianza kusema lini? Anacheza na nani? Nini kinamkera? Siku ya tatu akavuta kiti.

"Mtoto wenu ana usonji. Si utundu, wala hajarogwa. Amezaliwa na ubongo unaopokea sauti, mwanga na maneno kwa namna yake. Mashine ya baba, kwake ni kama imewashwa ndani ya sikio."

"Nilikosea wapi kumlea?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hukukosea popote. Malezi hayaleti usonji."

Mama alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Lakini mbona ananiigiza?" kinyozi akadakia.

"Hakuigizi, baba. Kila anapopewa maji, husikia 'unataka maji'. Kwake hayo ndiyo maneno ya kuombea maji."

"Kumbe alikuwa ananiomba?"

"Siku zote."

Kinyozi alicheka, mara machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja bila kuona haya. Daktari akaeleza yaliyobaki: dawa ya kuuondoa usonji hakuna, ila kuna mazoezi ya kuongea, kuna picha za kumwonyesha kinachofuata, na baba aanze kusema "nataka maji" kwa niaba yake. Safari ni ndefu, lakini njia ipo.

Nje ya geti, Kipepeo alisimama mbele ya baba yake, mikono juu. "Unataka kubebwa."

"Nataka kubebwa," baba alimsemea, akamnyanyua begani.

Kisha akamgeukia mkewe. "Nilikuonea. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila dada yako utamwambia wewe."

"Ah! Si tumwambie pamoja?"

"Wewe. Tena leo leo."

Wakacheka mpaka mlinzi akatoka kibandani kuwatazama.