Disketi ya Jumanne

Tulimaliza kidato cha nne pamoja, mimi na Donati, na wote wawili tukapata divisheni foo. Yeye pointi ishirini na nane, mimi ishirini na tisa. Sasa hiyo pointi moja nani anaiona barabarani? Hakuna. Tulikuwa tunakaa wote pale kona ya Mlabani, tunatafuna karanga, tunaangalia mabasi yanavyoingia na vumbi lake. Sawa kwa sawa.

Halafu mwaka tisini na tisa, Pasaka imepita tu, ule mradi wa akina mama wa kushona, wa Sista Brigita, ukaletewa kompyuta na wafadhili. Sista akauliza nani anajua kupiga taipu. Donati anajua, kwa sababu baba yake mdogo ni karani wa mahakama, na kila likizo alikuwa anamwachia mashine achezee. Mimi kila likizo nilikuwa Katindiuka kwenye mpunga wa mama, nafukuza ndege kwa kupiga kopo. Nilikuwa fundi kweli, lakini hakuna ofisi inayotafuta mtu wa kufukuza ndege. Kazi ikawa yake.

Simu ya Ifakara wakati ule ilikuwa simu jina tu. Imeli ikianza kwenda, laini inakata haijafika hata nusu. Kwa hiyo Sista akapanga hivi: watu waje ofisini, wamwambie Donati maneno yao, yeye ayapige, ayaweke kwenye disketi, disketi ipande basi mpaka Kidatu, ambako simu ni nzima. Kule kuna karani anaitwa Anselim, ndugu yake Sista. Yeye anazituma, majibu yaliyoingia anayatia kwenye disketi hiyohiyo, jioni inarudi. Jumanne na Ijumaa. Na wa kuibeba ni mimi, Festo, kwa sababu mjomba wangu Hermenegildi ni konda na simlipi nauli.

Yaani intaneti yote ya Ifakara ilikuwa inasafiri kwenye mfuko wa shati langu. Nani alijua? Watu walimjua Donati.

Wiki ya kwanza walikuja watatu. Mwezi wa sita benchi halikutosha, wengine wanakaa chini kwenye kivuli cha ukuta tangu asubuhi. Mama ana mtoto anasoma Dodoma, mwalimu anatafuta uhamisho, mwenye duka anauliza vitenge Kariakoo. Akaja mpaka mzee Yoramu, Msukuma wa ng'ombe kutoka kule mtoni, na fimbo yake, anataka kumuuliza mdogo wake aliyeko Pugu kama apakie ng'ombe kwenye behewa la treni sasa hivi au angoje. Jibu lilipoingia mara ya kwanza, Donati akamsomea, mzee akacheka kwa sauti. Disketi iliyofuata iliporudi, akaleta kibuyu cha maziwa ya mgando. Akampa nani? Donati.

"Ng'wanawane, mwanangu," akamwambia, "wewe unaongea na Pugu umekaa!"

Mimi nimesimama pale, nywele nyekundu kwa vumbi la Kidatu, nusu ya meno mchanga.

Na Kandida je? Kandida anashona palepale kwenye mradi. Zamani nikipita ananiita, "Festo, njoo unishikie kitambaa nikate." Sasa wa kumshikia kitambaa ni Donati, anatoka kwenye kiti chake kama meneja, anashika ncha kwa vidole viwili, wanacheka. Siku moja nikamwambia Kandida, bila mimi hizo imeli haziendi popote. Akasema, "Na bila basi?" Akaendelea kukata.

Basi hapo ndipo ikaja habari ya kozi. Kampuni moja Dar ilikuwa inafungua huduma ya intaneti, inataka vijana sita kutoka mikoani, miezi sita kusoma, kulala na kula juu yao, halafu ajira. Majina yapelekwe kwa imeli tu, mwisho Ijumaa. Sista akamwandikia Donati barua ya kumsifu.

Nikamfuata. "Shikamoo Sista. Na mimi je?"

"Marahaba Festo. Wewe hata kuiwasha hujui, mwanangu. Ngoja ngoja kwanza."

Ngoja ngoja! Nilitoka pale masikio yanawaka.

Jumanne alfajiri Donati akanikabidhi disketi, ameifunga kwenye nailoni. Macho hayajalala. "Mshikaji, leo ibebe kama yai. Maisha yangu yamo humu."

"Ya kwako peke yako?"

"Zipo kumi na moja, ya kwangu ya mwisho. Usiiweke juani. Na usiisogeze kwenye spika, zile zina sumaku, inafuta kila kitu."

Angenyamaza tu. Mimi habari za sumaku sikuwa nazijua, alinifundisha mwenyewe.

Kwenye basi la mjomba nyuma ya dereva kulikuwa na spika kubwa haina boksi, imefungwa kwa waya, mgongo wazi. Mpaka Kiberege disketi ilikuwa mfukoni. Nikawa namuona Donati yuko Dar, suruali ya kitambaa, anakuja likizo Krismasi, watu wanampisha kanisani, Kandida amekaa ubavuni mwake. Namuona kabisa, mpaka na viatu. Tulipotoka Kiberege niliitoa, nikaibandika mgongoni mwa spika. Ikanata kidogo kwa kile chuma chake. Nikaishikilia mpaka Mang'ula. Mjomba akapita anadai nauli, akaniuliza, "Unafanya nini hapo?" Nikasema nasikiliza muziki.

Kidatu Anselim akaichomeka. Mashine ikasema krrr, krrr, ikanyamaza. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Krrr.

"Haisomeki hii. Imekufa."

"Ee?" nikasema.

"Usihangaike. Kule kwenye kompyuta zimebaki. Mwambie Donati akopi nyingine, Ijumaa uje nazo, muda bado upo."

Unaona? Nilifunguliwa mlango. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na maneno mdomoni: Donati, disketi imekufa, kopi nyingine. Maneno matano. Nikashuka, nikamkuta ananingoja kituoni, Kandida yuko naye. Amemshika mkono, kwa wasiwasi wa kozi ya Donati.

"Vipi?" Donati akauliza.

"Zimekwenda," nikasema. "Zote. Disketi kabaki nayo Anselim." Na ile iliyokufa iko mfukoni mwangu.

Donati akanikumbatia mbele za watu. Shati lake lilikuwa linanukia sabuni ya kuogea. Hata hiyo niliionea wivu.

Ijumaa nikaenda na disketi mpya, imeli mpya. Anselim akauliza, "Na zile za Jumanne zimo humu?" Nikasema zimo. Mara ya pili hiyo. Saa kumi jioni muda wa kozi ukaisha, na mimi nilikuwa Mang'ula nakula muwa.

Mngefikiri nilifurahi. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu Donati akaanza kuja kituoni kila basi. Jibu? Hakuna. Mama wa Dodoma, hakuna. Mzee Yoramu akalala mjini siku nne anangoja neno la Pugu, behewa likaondoka na ng'ombe wa wenzake. Akina mama wakaanza kumpelekea Donati uji, maskini kijana wa watu kakosa kozi. Kandida akawa anakaa naye mpaka jioni kumtuliza. Nikajikuta nauonea wivu mpaka msiba wake, kwa sababu hata msiba wake ulikuwa na wageni.

Jumanne ya wiki ya tatu Anselim akanipa disketi pamoja na bahasha imegundishwa. "Ya Sista hii." Nikaibeba mwenyewe, kwa uaminifu kabisa, nikamkabidhi mkononi. Akaisoma amesimama. Anselim alikuwa anauliza tu: ile disketi niliyowarudishia imekufa, mlishapata kujua iliharibika vipi?

Sista Brigita hakupiga kelele. Aliniuliza mara moja, na mimi nikasema. Spika na yote.

"Walikuwa watu kumi na mmoja," akasema. "Utawaendea mmoja mmoja. Usiwaambie disketi iliharibika. Waambie, niliiharibu. Ukimaliza ndiyo uende kuungama. Padre ataondoa dhambi, lakini hao wanangoja majibu."

Siku mbili nilizunguka. Mama wa Dodoma alilia. Mwenye duka alinitukana mpaka babu. Mzee Yoramu nilimkuta mtoni, nikamsimulia kichwa chini. Akanitazama.

"Ng'ombe akikonda nitamnenepesha," akasema. "Wewe hiyo roho yako utailisha nini?"

Wa kumi na moja alikuwa Donati. Nilimwacha mwisho kwa makusudi. Nikakaa kwenye benchi na watu wote, maana alikuwa kazini, na zamu ikafika. Hakuinua macho. Mikono iko juu ya vitufe.

"Unamwandikia nani?"

"Simwandikii mtu. Ile ya kwako niliifuta mimi. Niliiweka kwenye spika kwa kusudi."

Donati akaangalia kioo cha kompyuta kama kuna kitu kimeandikwa pale. Nilitaka anipige. Ningepigwa tungekuwa sawa tena.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi mpishe mama hapo nyuma."

Nikatoka. Kandida alikuwa mlangoni na mkasi wake, amesikia yote.

"Ulikuwa unataka nini hasa, Festo?"

"Asiende."

"Haya, haendi. Kile kiti ulichokuwa unakitamani, si angekiacha? Sista alishaniambia, Donati akiondoka tumfundishe Festo, angalau njia anaijua. Ulimzuia kutoka kwenye kiti chako, mpumbavu wewe!"

Nilikuwa sijawahi kuwaza hivyo. Wallahi, sikuwaza hata kidogo. Nilikuwa namuona anakokwenda tu, anakotoka sikupaangalia.

Disketi sasa anabeba mpwa wa Sista. Mimi nimerudi Katindiuka. Nikija mjini napita nyuma ya ofisi ile, dirisha liko wazi, nasikia tatata, tatata, ameshakuwa mwepesi kuliko mwanzo, na watu wanasema anapiga mpaka imeli kumi na tano kabla ya basi. Najiambia nipite tu. Halafu nasimama, nahesabu mpaka ya kumi na moja.