Kope za Shangazi

"Safi kabisa, daktari," alisema mzee wa kwanza kwenye benchi la kliniki ya macho, huku machozi yakimchuruzika mashavuni.

"Safi gani hiyo, baba, na machozi yote haya?"

"Haya? Haya ya furaha! Jana nimemwona mke wangu vizuri, nikashtuka. Kumbe amezeeka!"

Benchi zima likaangua kicheko. Daktari naye akacheka, lakini juujuu tu, maana alikuwa amechoka. Na usidhani ni uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Huu alilala nao, akaamka nao, akapiga mswaki nao, akaja nao kazini umemkalia usoni, mpaka wauguzi wakawa wanamwambia, "Pole, mama, leo umechoka," hata kabla hajaweka mkoba chini.

Mzee akakaa kwenye kiti, na Rula akamsogelea. Rula ni daktari pia, mtu mzima mwenye watoto watatu na upara unaoanza, aliyekuwa chini yake akisomea ubingwa. Walimbandika jina hilo kwa sababu hakuachana na kirula chake cha plastiki hata akienda kunywa chai. Alimulika tochi kwenye mboni, akapima kutoka pale mwanga unapong'aa hadi ukingo wa kope ya juu. Jicho zima hutoa milimita nne. Wagonjwa wa kliniki hii walikuja na moja, wengine sifuri.

"Nne," alisema Rula kwa furaha. "Nne tena."

Ugonjwa wenyewe ni wa misuli, na unarithiwa, mzazi kwa mtoto. Hauui. Unashusha kope tu, polepole, mtu akifika makamo, mpaka anatembea ameinua kidevu, na wasiomjua wanasema huyo anaringa. Tiba ni kupitisha uzi laini wa silikoni chini ya ngozi na kuifunga kope kwenye msuli wa paji la uso, ili mtu akiinua nyusi, kope nayo ipande. Hilo si geni. Jipya la Daktari, alilokuwa akilifanyia utafiti, lilikuwa hili: kwa kuwa kope hizi hushuka tena miaka ikienda, yeye alizifunga juu kidogo kuliko wenzake wanavyothubutu.

Hatari yake aliijua vizuri sana. Kope ikifungwa juu mno, jicho halifungi usingizini, linakauka, kioo chake kinachubuka, na mchubuko ukiachwa unaweza kuondoka na uoni wote. Ndiyo maana kila mgonjwa aliporudi alimuuliza: unaendeleaje? Jicho linakusumbua? Akamwambia fumba, na mgonjwa akajibana akafumba, kwa sababu mtu aliye macho akiambiwa fumba, anafumba hata kwa nguvu za meno. Ile dawa ya njano inayoonyesha michubuko waliiweka kwa anayelalamika tu. Hakuna aliyelalamika. Ungelalamikaje, jamani? Mtu umeishi miaka unashikilia kope kwa kidole ili uone kikombe cha chai, halafu mama mmoja mwenye koti jeupe anakufungulia dunia, halafu anakuuliza unaendeleaje. Unamwambia nini zaidi ya safi?

Basi utafiti ukanona. Wiki iliyofuata Daktari alikuwa asimame mbele ya mkutano wa madaktari wa upasuaji, awaambie kwamba kope inawezekana kufungwa juu hivyo bila kudhuru jicho.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa shangazi yake. Babu aliugua kope, baba yake Daktari akaugua, na shangazi, dada yake baba, akafuata. Alikuwa mwalimu wa hesabu, sasa mstaafu. Miaka yake ya mwisho darasani wanafunzi walidhani anasinzia, wakanakiliana mtihani mchana kweupe, akawafelisha wote kwa mpigo. Yeye ndiye aliyemlea Daktari baba alipofariki. Siku ya upasuaji kisu alishika Rula, maana haifai mtu kumkata wa kwake, lakini Daktari alisimama begani pake muda wote akimwambia vuta, vuta tena, juu kidogo.

Na Daktari mwenyewe? Hesabu yake aliijua: mtoto wa mwenye ugonjwa ana nusu ya kuupata na nusu ya kuukosa. Hakuwahi kupima. Kila alipoambiwa amechoka alikubali haraka haraka. Eh, nimechoka, kazi hizi, we acha tu.

Jumapili alikwenda kumwona shangazi. Walikula, wakasengenya ndugu wawili watatu wanaostahili kusengenywa, kisha shangazi akajilaza kwenye kochi na kujifunika uso kwa kitambaa alichokichovya majini.

"Joto," alisema.

Haikuwa siku ya joto. Daktari alikusanya vyombo, akaenda kuviosha, na aliporudi anafuta mikono, kitambaa kilikuwa kimeteleza shingoni.

Shangazi alikuwa anakoroma, na macho yake yalikuwa wazi. Kati ya kope ya juu na ya chini pamebaki ufa, upana wa punje ya mchele, na ndani ya ufa ule jicho jekundu, kavu, limeelekea darini bila kuona kitu. La pili vilevile. Daktari alipiga magoti palepale kwenye zulia. Moyo ulimuuma kama mtoto wa mle ndani, halafu ukamuuma kama daktari, akashindwa kujua upi ni uchungu na upi ni aibu.

"Shangazi. Amka."

Shangazi akashtuka, mkono ukakimbilia kitambaa. "Sikuwa nimelala."

"Ulikuwa unakoroma."

"Nakoroma hata nikiwa macho. Uzee huu."

"Macho yanauma?"

"Hayaumi."

"Shangazi!"

"Yanawasha kidogo. Kama mchanga hivi."

"Tangu lini?"

"Ah, na wewe! Tangu mlipotoa nyuzi za mshono."

"Na kila ukija kliniki unasema safi!" Daktari alisikia sauti yake imepanda, akashindwa kuishusha. "Nimekuuliza mara ngapi? Nimekuuliza kwa mdomo huu!"

"Ulitaka niseme nini?" Shangazi naye akakaa wima, ualimu ukamrudia. "Benchi limejaa watu, wanakuita mama, wanakuombea dua. Mimi, shangazi yako wa damu, nisimame niseme macho yanawaka moto? Niitie doa kazi yako kwa mdomo wangu? Na unaniuliza umesimama, kalamu mkononi, umechoka hoi. Nikuongezee na langu?"

"Ungepofuka!"

"Ningepofuka nikiwa bibi. Nimeshaona vya kutosha, na vingi vya kipuuzi."

Daktari hakucheka. Shangazi akakikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Na si hilo tu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, unafikiri sikuoni? Umeniinulia kope mwenyewe, basi naona. Tangu umeingia humu ndani unanitazama kwa kidevu."

"Nimechoka tu, shangazi."

"Baba yako naye alikuwa amechoka tu. Alichoka mpaka akawa anagonga milango." Alimshika mkono. "Nikajiambia, hii dawa lazima ifanye kazi. Ikinishinda mimi, huyu zamu yake ikifika atakimbilia wapi? Basi nikajikaza kisabuni."

 Daktari aliweka kichwa kwenye mapaja ya shangazi yake, mtu mzima na vyeti vyake vyote, akalia.

Jumatatu asubuhi shangazi alikuwa kwenye kile kiti, wa kwanza kabla ya wote. Rula aliweka dawa ya njano, akawasha taa ya buluu, na mchubuko ukang'aa kijani, mkubwa, katikati kabisa ya jicho la kulia. Kushoto palikuwa na midogo midogo. Rula aliangalia, akaangalia tena, akaizima taa.

"Mimi ndiye niliyevuta," alisema.

"Mimi ndiye niliyekuambia vuta," alisema Daktari. "Andaa chumba. Tunalegeza leo hii."

Wakampiga ganzi, wakafungua kwenye nyusi, wakalegeza uzi. Shangazi alilalamika njia nzima, kwa mara ya kwanza tangu aijue hospitali hiyo: kiti kigumu, taa kali, Rula ana mikono ya baridi. Daktari alisimama ukutani, mbali, akamsikiliza kama mtu anayesikiliza habari njema. Walipomaliza, kope zilikuwa zimeshuka hadi juu kidogo ya mboni.

"Sasa ndiyo nini?" alifoka shangazi. "Nikuone nusu?"

"Nusu, shangazi. Lakini utaniona mpaka mwisho."

"Nusu ile yenye uchovu au ile nyingine?"

Hapo Daktari alicheka kweli.

Kisha akapiga simu kwenye ule mkutano, akawaambia haji. Wakamuuliza kulikoni, akawaambia majibu yake hayafai, wakamsikitikia, na mmoja akamshauri apumzike, sauti yake inasikika imechoka. Akashukuru.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuwarudisha watu wote. Hakuuliza tena mtu anaendeleaje. Aliwalaza kwenye vitanda vya wodi mchana, mapazia yameshushwa, wakasinzia, na yeye akapita kitanda kwa kitanda akichungulia nyuso. Ile dawa ya njano sasa ilimpata kila mtu. Mzee wa machozi ya furaha alikuwa na kidonda. Dada mmoja aliyewahi kumletea maua alikuwa na viwili. Wengine walikuwa salama kweli, na hilo lilimmaliza nguvu kuliko yote, kwa sababu walikuwa wamemjibu kwa neno lilelile, uso uleule. Alimwomba kila mmoja msamaha. Karibu wote walimwambia, aa, mama, usijali, safi tu.

Ijumaa jioni, mgonjwa wa mwisho alipoondoka na dawa zake, Daktari alikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa. Rula alikuwa ananawa mikono.

"Rula. Njoo unipime."

Akageuka, maji yanadondoka. "Nikupime nini, daktari?"

"Kile unachopima kila siku."

Alifuta mikono polepole sana, kidole kwa kidole. Akatoa kirula, akawasha tochi. Daktari alishusha kidevu, akalegeza paji la uso kama anavyowaamuru wengine, akatazama mbele. Alisikia pumzi ya Rula ikisimama. Kulia, halafu kushoto. Kisha kirula kikarudi mfukoni upesi, na tochi ikazimwa.

"Uko sawa, daktari. Ni uchovu tu. Kalale, mama, wiki hii imekuwa ndefu."

Alisema kwa upole, kwa heshima zote, akitazama sakafu. Na Mungu anajua, Daktari alitamani kumwamini. Alitamani kuinuka pale, kuchukua mkoba, kwenda nyumbani kulala usingizi wa mtu aliyechoka tu. Badala yake alishika vyuma vya kiti.

"Rula, kaka yangu," alisema, "kwa jibu la namna hiyo nusura nimpofue shangazi. Pima tena. Halafu nisomee namba."

Rula alirudi mbele yake. Akakitoa kirula, akakipangusa kwenye koti ingawa kilikuwa safi, akainama. Akapima kulia, akapima kushoto.

"Kulia mbili na nusu," alisema. "Kushoto mbili."

"Ahsante," alisema Daktari, na alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuwa nayo maishani.