Jina la Bram Kwenye Nyasi za Verlyn

Kadi ilifika Jumatano. Rika Dykhouse aliifungua akiwa amesimama jikoni, na kabla hajamaliza kuisoma akavuta kiti akaketi.

Ilikuwa kadi ya mwaliko. Tessa, binti wa jirani yake Verlyn Bosscher, amemaliza sekondari, na katika mji ule mdogo wa Michigan mtoto akimaliza shule wazazi hupiga hema uani, mtaa mzima ukaja kula mikate ya nyama na kuikagua familia. Na nyasi. Usidanganywe na mtu, wanakuja kukagua nyasi! Kwenye picha ya kadi Tessa kavaa joho la buluu, baba yake kamkumbatia kwa mkono mmoja, anachekelea hadi gego la mwisho. Mkono wa pili kaushusha pembeni, na ndani yake kashika fungu la vibendera vya manjano. Nani ataangalia mkono wa baba wakati binti kavaa joho? Hakuna aliyeuangalia. Kadi mia na kitu zikatumwa.

Nyuma yao, mpakani, kalikuwapo kambwa ka madoa ya kahawia, shingo imepinda, kanatafuna nyasi. Bram, mbwa wake Rika.

Bram aliachwa na marehemu Gerrit, mume wa Rika, na kila asubuhi alikula nyasi kama mtu anayekunywa chai. Daktari wa wanyama alishasema zamani kwamba mbwa kula nyasi si ugonjwa, mradi nyasi ziwe safi. Ndiyo maana Rika hakutia sumu uani kwake. Magugu aliyang'oa akiwa amepiga magoti, kwa kile chuma chenye ncha mbili. Kwenye nyufa za njia alimwaga maji ya moto, na palipokuwa sugu alipuliza siki kali ya dukani kwa wakulima, akamfungia Bram ndani hadi pakauke.

"Rika, magugu yako yanavuka mpaka kuja kuomba hifadhi kwangu," Verlyn alikuwa akimtania. "Nikupulizie dawa bure?"

"Pulizia kwako, baba. Mimi niachie magoti yangu."

Wakapatana. Siku Verlyn akipuliza dawa, anachomeka vibendera mpakani, vinalala pale hadi kesho yake, na Bram hatoki. Miaka minne mambo yalikwenda hivyo bila neno.

Alhamisi moja alasiri, wiki chache kabla ya kadi, Rika alichungulia, hakuona kibendera hata kimoja. Akafungua mlango. Usiku Bram akatapika kijani. Figo zake za uzee hazikustahimili, na Jumamosi daktari akauliza, "Amekula nyasi zenye dawa?" Kabla jua halijazama Bram akafa mapajani mwa Rika, nusu kwenye taulo, nusu kwenye sketi yake.

Alikwenda kumuuliza Verlyn. Verlyn, mzee wa kanisa, mtu anayepitisha sahani ya sadaka, alimtazama machoni. "Nilipulizia Jumanne, Rika. Zilishakauka kitambo. Bram alikuwa mzee tu, jamani." Mkewe Lois akaleta keki ya ndizi. Rika akaila! Akashukuru na sahani akairudisha imeoshwa. Sasa, mbele ya kadi ile, alijuta kila tonge.

Maana joho Tessa alilipata Alhamisi mchana. Alikimbia mwenyewe kuja kumwonyesha Rika, na Rika akamnyooshea kola; na tangu usiku wa siku hiyo Bram hakula nyasi tena. Kwa hiyo Alhamisi ile vibendera vilikuwa mkononi mwa Verlyn, vimeng'olewa visiharibu picha, na Bram yupo nyuma anakula.

Hakutaka fidia. Hakutaka mbwa mwingine. Alitaka mdomo ule ule uliosema Jumanne useme Alhamisi, na useme watu wakisikia.

Jumapili katika mtaa ule hakuna anayegusa mashine ya kukatia nyasi. Ukichomoa jani moja, kabla ya chakula cha mchana kanisa zima limejua. Jumapili iliyofuata, saa tatu na nusu asubuhi, magari yote yalishaondoka. Rika, ambaye kwa miaka arobaini alikosa ibada mara mbili tu, na zote alikuwa akijifungua, alivaa mabuti, akajaza siki kwenye bomba la kupulizia na kuvuka mpaka. Juu ya nyasi za Verlyn aliandika polepole, kila herufi ndefu kuliko mtu aliyelala: B, R, A, M. Mistari ilinyooka. Akaenda kuoga, akavaa nguo za kanisani, akaketi barazani kwake.

Jua lilimsaidia. Akina Bosscher waliporudi na wageni wao, mchungaji na mkewe, nyasi zilikuwa zimefifia kidogo tu. Walipotoka na kahawa zao barazani, mambo yalikuwa yameiva.

"Lois, mbona nyasi zina kitu?" mke wa mchungaji akauliza.

Mchungaji akainuka na kikombe chake, akasoma kwa sauti. "Bram. Si yule mbwa wa Rika?"

Verlyn aliingia gereji akatoka na koleo. Alifika ukingoni mwa herufi B, akageuka, akamwona mchungaji anamtazama. Jumapili! Akasimama na lile koleo, hajui alipeleke wapi, kisha akalirudisha. Magari ya watu waliotoka kanisani yalipita yakipunguza mwendo, moja baada ya jingine. Rika aliwapungia mkono wote. Ilikuwa tamu, na sitamsingizia kwamba aliona haya.

Wageni walipoondoka, Verlyn alivuka mpaka, uso umemwiva.

"Umemwaga nini kwangu, Rika?"

"Siki. Usiogope, ikikauka haidhuru mbwa."

"Una wazimu wewe? Kwa nini?"

Rika akampa kadi, kidole chake kwenye ule mkono. Verlyn aliuangalia. Akaketi kwenye ngazi bila kukaribishwa.

"Nilivitoa kwa ajili ya picha," akasema. "Dakika kumi tu. Nikasahau kuvirudisha."

"Na ile Jumanne?"

"Nilidanganya. Niliogopa, Rika. Nisamehe, dada yangu."

"Nimesikia. Lakini nimesikia peke yangu."

"Kesho alfajiri nang'oa hapo, natandika nyasi mpya, tuyasahau haya."

"Utang'oa nini? Jina la Bram? Thubutu! Liache liote lenyewe."

"Jumamosi watu mia mbili watakuja! Ni siku ya Tessa!"

"Na kila mmoja wao ana kadi hii nyumbani kwake. Wewe ng'oa, mimi nitapita mlango kwa mlango nikiwaonyesha mkono wako. Au liache, na atakayeuliza, umjibu. Chagua."

Jumamosi hema lilipigwa, mikate ya nyama ikapangwa, na mbele ya nyumba jina lilikuwa limekauka kabisa, la manjano iliyoungua. Hakuna mgeni aliyelipita bila kusimama. Rika alikuja saa saba na zawadi ya Tessa, akachukua sahani, akajipanga kwenye foleni ya kumpa baba mkono.

"Verlyn, hii nayo ni nini?" mtu wa mbele yake aliuliza.

Verlyn alinong'ona kitu.

"Sema kwa sauti, jirani," Rika akasema. "Huku nyuma hatusikii."

Foleni ikasogea karibu. Tessa, na joho lake, akageuka kumtazama baba yake.

"Nilipulizia dawa Alhamisi nikaondoa vibendera," Verlyn alisema, sauti imekatika. "Mbwa wa Rika akala nyasi akafa. Nikamwambia alikuwa mzee tu."

"Baba?" Tessa akasema. "Ndiyo hiyo siku ya picha yangu?"

Verlyn aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimteremka Tessa papo hapo, na Rika yalimuuma yale machozi. Yalimuuma kweli. Verlyn alimtazama Rika kumwomba basi, imetosha.

"Endelea," Rika akamwambia. "Wageni bado wanaingia."