Bila Upepo Hakuna Habari

Kaka yangu Ignas, mwenyekiti wa kijiji chetu huku Matombo milimani, alikuwa na kidole kimoja kilichoniudhi kuliko yeye mwenyewe mzima mzima: kile cha kuzimia redio.

Kila jioni tulikusanyika barazani kwenye ghala la kijiji, migongo inauma, tusikilize taarifa ya habari. Mwaka ule ulikuwa wa kilimo cha kufa na kupona, na redio ilikuwa moja tu, ya betri, ambazo sisi tunaziita mawe. Habari zikiisha, mtangazaji akitaka kusoma hali ya upepo wa pwani, tak! Ignas ameshazima.

"Mawe ya redio yanakwisha," anasema. "Upepo wa bahari wa nini sisi? Kuna anayevua samaki kwenye migomba?"

Watu wanacheka. Mimi sicheki. Mwanangu Athanas alikuwa huko huko baharini, anasafirisha nazi kwa mashua kutoka Mafia kwenda Dar es Salaam. Na Ignas alijua vizuri, maana yeye ndiye mjomba wake, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Ndiye pia aliyemwita mtoro wa shamba la ujamaa mbele ya mkutano, mpaka kijana akafunga kifurushi chake akashuka mlima. Tangu siku hiyo Ignas hakulitamka tena jina la Athanas.

Jumapili moja, jirani yangu Asia alirudi kutoka mjini Morogoro kwa shemeji zake. Akasema watu wa pwani wanasimulia kwamba bahari imechafuka, mashua moja imezama. Ipi? Hajui. Ya nani? Hajui. Jamani! Nikaapa kwamba leo upepo utasomwa mpaka mwisho, Ignas apende asipende.

Mawe ya redio yalikuwa yameanikwa juani kwenye ungo, yapate nguvu kidogo. Niliyazoa yote, nikayafunga kwenye pindo la kanga, pindo nikalichomeka kifuani.

Jioni Ignas alifungua kifuniko cha redio, akakuta patupu. "Nani kachukua mawe?"

"Mimi."

"Yalete."

"Siyaleti. Bila upepo hakuna habari. Niahidi mbele ya watu wote hawa kwamba huzimi, ndipo nitayatoa."

Wengine wakanizomea. Ignas akamtuma Mikaeli, mgambo wetu, aninyang'anye. Akaja na rungu lake, akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mawe haya hapa kifuani. Haya, ingiza mkono."

Mikaeli akaangalia chini. Asia akaangua kicheko, "Ingiza basi, mgambo!" na baraza zima likacheka, hata walionizomea.

"Theresia, unanidharau mbele ya kijiji," Ignas akasema.

"Ndiyo, nakudharau! Umemfukuza mwanangu, sawa. Jina lake hulitaki, sawa. Lakini upepo unaompiga huko nitausikia. Kama ni kunifunga, nifunge!"

Watu wakaanza kunung'unika. "Mwenyekiti, kubali tu, habari zinatupita." Ignas akaitikia kwa kichwa, shingo upande. Nikageuka, nikafungua pindo.

Habari zikasomwa. Mkono wa Ignas ulibaki juu ya goti lake. Kisha ukaja upepo: wa kusi, mkali, kutoka Mafia mpaka Dar es Salaam, usiku huu na kesho, vyombo vidogo visitoke. Ya mashua iliyozama hayakutajwa.

"Athanas, usitoke!" niliipigia redio kelele kama mwendawazimu. "Usitoke, mwanangu!"

Hakuna aliyecheka. Ignas alikuwa anaikodolea macho redio.

"Chombo chake," akasema polepole, "ni kikubwa au kidogo?"

"Kidogo, kaka."

Muziki ukaanza, mawe yanaliwa bure, na Ignas hakuzima. Wimbo wa kwanza ukaisha, ukaingia wa pili.

"Alfajiri wanasoma tena?"

"Wanasoma."

Ndipo akazima, akatoa mawe moja moja, akanipa mkononi.

"Rudisha kifuani yasipoe," akasema. "Nitakuja kwako na redio kabla hakujapambazuka. Tumsikilizie Athanas."