Miiba ya Mbigili

"Nilikwambia tusiiache lami!" Lorna alifoka. "Nilisema, sikusema?"

"Ulisema," mumewe, Everett, akajibu kwa sauti ya chini.

Ni Everett aliyeona njia ya mkato katikati ya magugu, na magugu yenyewe yalikuwa mbigili tupu. Sasa tairi la nyuma la baiskeli yake lilikuwa chini kabisa. Matairi ya Lorna nayo yalikuwa yamejaa miiba, ila yeye hakuigusa. Mzaliwa wa Albuquerque kama yeye hahitaji kufundishwa: mwiba ukiuacha mahali pake, wenyewe unaziba tundu ulilotoboa, nawe unafika nyumbani. Everett alikuwa mtu wa Ohio, mgeni wa mbigili.

Tyubu ya akiba ilikuwa moja tu. Lorna alipiga magoti juani, aking'ang'ana na tairi la mumewe hadi kucha ikakatika.

"Nikusaidie, mke wangu?"

"Nenda kule! Umeshanisaidia vya kutosha leo. Kaa na baiskeli yangu, na sitaki kusikia hata pumzi yako!"

Everett akaenda. Lorna alijaza upepo huku akimlaani kimoyomoyo yeye na Ohio yake nzima, kisha akainuka, jasho likimtiririka.

"Haya, twende!"

Everett alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli ya mkewe, uso umechangamka, kiganja kimejaa miiba.

"Usininunie basi, mama. Yako nimekung'olea yote, mbele na nyuma."

Lorna aliinamia baiskeli yake. Akasikiliza upepo unavyotoka katika matairi yote mawili.