Nani Alimwambia Champaben?

Nikutegee kitendawili: ninacho kitu, nikimpa mtu mmoja bado ni chetu, yeye akimpa wa pili, si changu wala si chake. Kitu gani? Fikiri, usinijibu bado.

Jumatatu jirani yetu Champaben alisimama mlangoni na sahani ya dhokla, mkate laini wa dengu, ya moto, akamwambia mkaza mwanangu Hetvi, "Hongera bibie! Nasikia Alhamisi wanakupandikiza mimba. Maziwa baridi uyaache!"

Hetvi uso ukawa jivu. Hapa mjini Nadiad siri ile tulikuwa nayo watatu: yeye, mwanangu Nirav na mimi. Watatu, na kliniki.

"Nani kakwambia?"

"Aa, mambo si husikika tu!" Akacheka, huyo akaenda zake.

"Alhamisi siendi," Hetvi akasema. "Kliniki wamenianika. Kesho mtaa utasema mtoto si wa Nirav."

Nirav akamshuku muuza dawa anayezifunga sindano za Hetvi kwa gazeti. Hetvi akamshuku karani wa kliniki.

"Karani yule ana macho ya paka," nami nikasema, nikaendelea kusukuma chapati. Ikatoka na pembe tatu.

Kesho yake tukaenda kliniki wote. Muuguzi mkuu, Sista Lissy, akatoa faili: juu namba tupu, jina hakuna. Ndani, kila aliyeligusa ametia sahihi.

"Dada, sheria imetuziba midomo. Nikimwambia hata mama yako bila ruhusa yako, nashtakiwa. Hapa halikutoka neno. Umeuliza nyumbani?"

"Nyumbani nimuulize nani? Huyu mama mkwe wangu?" Hetvi akacheka kwa uchungu. "Yeye kutwa yuko hekaluni ananiombea."

Nikaitazama sakafu. Kuhani wetu haanzi dua mpaka apewe jina la mwombewa, ukoo wake, haja yake na siku yake. Kisha huyasoma yote kwa sauti, mungu asikie. Na Jumapili iliyopita, nilipompa hayo yote, aliyekuwa nyuma yangu akipiga makofi ya dua nilimjua.

Sista akalifungia faili kabatini. Hetvi alikuwa ananitazama mimi sasa, si karani wa pale mezani.

"Mama. Nani alimwambia Champaben?"

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Mimi, mwanangu. Nilitaka mungu asikie, nikasahau Champaben naye ana masikio. Alhamisi uje. Hawa midomo yao imefungwa. Uliobaki wazi ni wangu."